Uhaba wa ajali na uhaba wa kiwandani: mkusanya albamu anakusanya nini hasa?

Neno "albamu" lilikuwa la mkusanyaji kabla halijawa la mwanamuziki. Katika enzi ya santuri za lakiri zilizozunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu au nne tu za muziki, na aliyetaka kumiliki kazi ndefu alilazimika kununua sahani kadhaa na kuzitia katika kitabu chenye mifuko ya karatasi, kitabu kilichofanana kabisa na albamu ya picha za familia. Kampuni ya Columbia ilipoleta LP mwaka 1948, sahani moja ya plastiki yenye mzunguko wa mara 33⅓ kwa dakika na nafasi ya takriban dakika 22 kila upande, kitabu kile kilikosa kazi, lakini jina lake lilibaki na kuhamia kwenye muziki wenyewe. Tangu hapo albamu imekuwa ushahidi kwamba mtu fulani aliamua ni vitu gani vikae pamoja, kwa mpangilio upi na chini ya picha gani. Anayekusanya albamu, kwa hiyo, anakusanya maamuzi ya watu wengine, na hapo ndipo inapoanzia tofauti yake na mtu mwenye nyimbo nyingi tu ndani ya simu.

Naileta tofauti hiyo mbele kwa sababu soko la albamu, za zamani na za sasa, linaongozwa na kipimo kimoja tu, nacho ni uhaba. Toleo la kwanza lina bei kuliko la pili, nakala yenye namba kuliko isiyo na namba, santuri ya rangi kuliko nyeusi. Hoja yangu ni kwamba neno hilo uhaba linabeba mambo mawili yasiyo na undugu. Upo uhaba uliotokana na ajali za historia, yaani vita, moto, umaskini wa lebo ndogo, yaani kampuni ndogo za kutoa muziki, na uzembe wa wenye maghala, na upo uhaba uliopangwa mezani kabla santuri ya kwanza haijatoka kiwandani. Mkusanyaji asiyetenganisha haya mawili ataishia kuokoa vitu ambavyo havikuwa hatarini, na vilivyo hatarini vitampita.

Uhaba wa kwanza ni tajiri wa visa. Santuri za lakiri zilivunjika kama sahani za udongo, na hilo peke yake lingetosha kuzipunguza, lakini Vita vya Pili vya Dunia viliongeza lake. Lakiri ni utomvu unaotolewa na mdudu, na wakati huo ulitoka zaidi India. Ulihitajika pia katika utengenezaji wa zana za vita. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilipunguza sana kiasi ambacho kampuni za muziki ziliruhusiwa kutumia, na wanunuzi wakahimizwa kurudisha santuri zao kuukuu ili zisagwe na kutengenezewa mpya. Muziki wa miaka ya 1920 ulisagwa ili muziki wa miaka ya 1940 upate mwili. Nakala chache za nyimbo fulani za blues zilizosalia leo zimesalia kwa bahati ya kusahaulika darini, na aliyeziokota kule darini hakuwa akitafuta kitega uchumi.

Kisa cha Kambodia ni kizito zaidi. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Phnom Penh ilikuwa na wanamuziki waliochanganya uimbaji wa Kikhmer na gitaa za umeme walizozisikia redioni, na Sinn Sisamouth na Ros Serey Sothea walikuwa majina yanayojulikana nchi nzima. Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti, walipotwaa madaraka Aprili 1975, waimbaji hao wawili, pamoja na wengi wa wenzao, hawakuvuka utawala huo wakiwa hai, na kuwa na santuri ya muziki kama wao kulitosha kumtia mtu hatarini. Kilichobaki kilibaki katika kanda na sahani zilizofichwa au kuchukuliwa na waliokimbia. Mwaka 1996 ulitoka Marekani mkusanyo ulioitwa Cambodian Rocks, uliotokana na kanda zilizonunuliwa na mtalii, nao ulitoka bila jina la msanii hata mmoja wala jina la wimbo hata mmoja. Wasikilizaji wa nje waliupenda miaka mingi kama sauti za watu wasiojulikana, ilhali kwao watu hao walikuwa nyota. Majina yalirudishwa baadaye, taratibu, na Wakambodia na wakusanyaji waliolinganisha sauti na sahani chache zilizosalia.

Katika kisa hicho sauti ilipona na majina yakapotea, na kupotea kwa majina ni nusu ya kifo cha albamu. Ndiyo maana naona mkusanyaji makini anapaswa kuitazama santuri kama hati. Lebo ya karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri hutaja kampuni, namba ya orodha, mtunzi na mara nyingi mwenye hakimiliki. Mgongo wa jalada hutaja wapigaji, studio, mhandisi wa sauti na tarehe. Hata ile sehemu tupu iliyo kati ya mwisho wa muziki na lebo ina maandishi yaliyochongwa wakati sahani mama inakatwa. Herufi RVG katika santuri za jazi za Blue Note zinamwonyesha Rudy Van Gelder, mhandisi aliyerekodi sehemu kubwa ya kazi za lebo hiyo, na maneno "A Porky Prime Cut" katika maelfu ya santuri za Uingereza ni sahihi ya mkataji George Peckham. Fundi alitia sahihi yake mahali ambapo sindano hupita ikiwa imemaliza kazi, na ni mtu mwenye santuri mkononi tu anayeweza kuiona.

Jalada nalo lina mambo yake. Lilikuwa karatasi ya kahawia isiyo na neno hadi Alex Steinweiss, msanifu kijana wa Columbia, alipoishawishi kampuni hiyo mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940 kuchora picha juu yake. Nchini Nigeria, Lemi Ghariokwu alichora majalada 26 ya albamu za mwanamuziki Fela Kuti, na mtu anayezisikia albamu hizo bila kuyaona majalada hayo amesikia nusu ya shutuma zilizomo. Fela mwenyewe ni mfano mzuri wa jinsi umbo la LP lilivyouumba muziki: wimbo wake mmoja ulijaza upande mzima, ala zikizunguka dakika nyingi kabla sauti yake haijaingia, na albamu nzima ikawa nyimbo mbili. Ukiuchukua wimbo mmoja wa namna hiyo na kuutupa katikati ya orodha ya nyimbo za dakika tatu unauona kama uliopotea njia. CD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982 ikiwa na nafasi ya dakika 74 hivi, ilileta maradhi ya upande mwingine. Albamu nyingi za miaka ya 1990 zina nyimbo nne au tano ambazo zisingekuwamo kama nafasi isingekuwapo. Nasema hivyo nikiwa na CD nyingi na bila kuzidharau.

Sasa tuutazame uhaba wa pili. Mwaka 2022, kwa mujibu wa takwimu za chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, RIAA, santuri zilizouzwa nchini humo zilifika milioni 41 na CD milioni 33, na ilikuwa mara ya kwanza tangu 1987 kwa santuri kuizidi CD kwa idadi. Wengi waliufurahia ushindi huo. Mwaka uliofuata kampuni ya takwimu za muziki ya Luminate ikaripoti kwamba ni nusu tu ya walionunua santuri Marekani waliokuwa na mashine ya kuzipigia. Nusu nyingine wananunua picha kubwa iliyo na sahani ndani yake, jambo ambalo si kosa, kwani mtu ana haki ya kumpenda mwimbaji kwa macho. Lakini kampuni zimeuelewa ujumbe huo vizuri. Taylor Swift aliitoa albamu yake ya Midnights mwaka 2022 kwa majalada manne ambayo migongo yake ikiunganishwa hufanya uso wa saa, na albamu za K-pop, yaani pop ya Korea Kusini, huwekewa kadi za picha ambazo mnunuzi hajui atapata ipi, hivyo shabiki hununua nakala kumi za muziki uleule ili apate uso mmoja. Muziki ule hauwezi kupotea; umechapwa mamilioni na uko kila mahali. Kilicho adimu ni kadi.

Ncha ya mantiki hiyo ilifikiwa na Wu-Tang Clan, kundi la hip hop la Marekani, walipotengeneza nakala moja tu ya albamu ya Once Upon a Time in Shaolin na kuiuza mwaka 2015 kwa dola milioni 2, pamoja na sharti kwamba isiuzwe kibiashara kwa umma hadi 2103. Baadhi ya watu wameisifu kama maandamano dhidi ya kushuka kwa thamani ya muziki. Mimi naiona kuwa sanduku lililofungwa tu. Mwaka huohuo nakala ya albamu nyeupe ya Beatles ya 1968 yenye namba 0000001, iliyokuwa ya Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi hiyo, iliuzwa mnadani kwa dola 790,000. Nyimbo zilizomo ni zilezile anazozisikia mwenye nakala yenye tarakimu nyingi na mikwaruzo miwili, na kama mnunuzi alilipia kumbukumbu ya mtu mashuhuri, basi alinunua kitu cha makumbusho, biashara halali kabisa ambayo haihusiani na masikio.

Watetezi wa toleo la kwanza watanijibu kwamba wao hawafuati namba bali sauti, na jibu hilo lina uzito kwa kiasi fulani. Mhuri wa chuma unaokandamiza plastiki huchakaa, kanda mama, yaani rekodi ya asili ya studio, nayo huzeeka, na aliyekata sahani mwaka 1959 alikuwa na kanda mbichi ambayo hakuna atakayeipata tena. Moto wa Juni 2008 katika eneo la Universal Studios huko Hollywood uliteketeza ghala la kanda mama, ingawa umma haukuelezwa ukubwa wa hasara hiyo hadi 2019, na idadi kamili bado inabishaniwa. Kwa kila kanda iliyoungua, santuri nzuri ya toleo la kwanza ni shahidi wa karibu zaidi aliyebaki. Hilo nalikubali bila masharti. Ninalolikataa ni imani kwamba sikio la mnunuzi lina uwezo wa kimiujiza. Mwaka 2022 ilibainika kwamba Mobile Fidelity, lebo ya Marekani iliyoheshimiwa kwa matoleo ya gharama yaliyosifiwa kwamba yametoka moja kwa moja kwenye kanda, ilikuwa imepitisha nyingi ya kazi zake katika hatua ya kidijitali kwa takriban muongo mmoja. Wateja wake, baadhi yao wenye mashine za bei ya gari, walikuwa wakizisifu santuri hizo kwa ule ujoto ambao dijitali inadaiwa kuukosa. Hasira yao ilikuwa ya haki kwa kuwa walifichwa ukweli, ila kilichojitokeza kuhusu sikio la mwanadamu ni somo ambalo wachache walitaka kulijadili.

Hapa inafaa nizungumzie matoleo ya marudio, ambayo wakusanyaji wengi wa vitu vya kale huyatazama kwa jicho la dharau. Nakala ya awali ya LP ya Kiethiopia ya miaka ya 1970 ikiuzwa leo kwa bei ya kutisha, mwimbaji hapati hata senti, kwa maana fedha inatoka mkono wa mkusanyaji mmoja kwenda wa mwingine. Toleo la marudio lililofanywa kwa mkataba wa haki humlipa mrabaha, na likifanywa kwa akili huongeza mambo ambayo toleo la awali halikuwa nayo: mahojiano, picha, tafsiri ya mashairi. Mfululizo wa Éthiopiques, ulioanzishwa na Francis Falceto mwaka 1997 kupitia lebo ya Ufaransa ya Buda Musique, uliirudisha duniani kazi ya lebo kama Amha Records ya Addis Ababa. Hailu Mergia, mpiga kinanda kutoka Ethiopia aliyekuwa akiendesha teksi jijini Washington, alirudi jukwaani baada ya lebo ya Awesome Tapes From Africa kuitoa upya mwaka 2013 kanda yake ya 1985. Kanda ya awali iliyolala katika rafu ya mkusanyaji isingeweza kumfanyia hivyo. Yapo pia marudio ya wizi, yasiyo na mkataba wala maelezo, na kuyatambua si kazi ngumu: toleo lisilomtaja mwenye hakimiliki wala chanzo cha sauti linatosha kutiliwa shaka.

Kuhusu mpangilio wa rafu nitasema kidogo tu. Lile jina "muziki wa dunia" lilikubaliwa mwaka 1987 katika kikao cha wenye lebo ndogo kwenye baa moja ya London, wakitafuta neno la kubandika juu ya rafu ili wauzaji wajue pa kuziweka santuri zao. Lilikuwa kibandiko cha biashara, na kama kibandiko lilifanya kazi. Tatizo lilizuka lilipogeuka kuwa elimu, hata mwimbaji wa Bamako, kwaya ya Sofia na bendi ya Bangkok wakawa jamaa wa ukoo mmoja kwa sababu tu hakuna kati yao anayeimba Kiingereza. Tuzo za Grammy ziliiacha istilahi hiyo mwaka 2020 na kuweka "global music", na Burna Boy wa Nigeria akawa wa kwanza kushinda chini ya jina jipya mwaka 2021, ingawa sioni kwamba rafu imebadilika sana kwa kubadilishiwa kibao. Mkusanyaji ana uhuru ambao tuzo hazina. Anaweza kuipanga rumba ya Kongo karibu na son, mtindo wa muziki wa Cuba, kwa kuwa santuri za Cuba za mfululizo wa GV zilisambaa Afrika tangu miaka ya 1930 na wapigaji wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walizisikiliza wakaiga, na rafu yake ikawa hoja yenyewe.

Narudi kwenye hoja kuu, kwa kuwa bado sijasema lolote kuhusu albamu zilizo hatarini leo hii. Wengi hudhani hatari ni ya vitu vya zamani. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kwamba faili zilizopakiwa kabla ya 2016 zilikuwa zimepotea wakati wa kuhamisha data, na makadirio yaliyotolewa yalikuwa nyimbo milioni 50 za wasanii milioni 14. Hakukuwa na bomu wala mamlaka ya kidikteta, ila seva zilihamishwa na kazi haikufanywa sawasawa. Sehemu kubwa ya muziki ule haikuwahi kuwa na umbo la kushikika, na hakuna dari litakalofukuliwa. Wasikilizaji wa Muungano wa Kisovieti waliochonga muziki uliokatazwa juu ya filamu chakavu za eksirei katika miaka ya 1940 na 1950 walituachia urithi mrefu kuliko jukwaa lililokuwa na fedha na wahandisi, kwa sababu mbavu za mgonjwa asiyejulikana bado zinazunguka chini ya sindano na kutoa sauti.

Kwa hiyo anayekusanya muziki wa leo, na mwenye fedha kidogo kama walivyo wengi wetu, angefanya vema kuzipita kwa upole zile santuri za rangi saba za nyota wakubwa, ambazo zitapatikana kwa wingi miaka 50 ijayo zikiwa hazijafunguliwa, na kuzielekeza fedha zake kwenye albamu zinazotolewa kwa nakala 200 kwa sababu bendi haikuwa na uwezo wa kutoa 300. Nakala ndogo za namna hiyo ni uhaba wa ajali unaotokea mbele ya macho yetu. Mara nyingi ni kanda au CD, maumbo ambayo soko la mitindo huyapuuza, na CD hasa ndiyo ununuzi wenye busara zaidi kwa sasa kwa kuwa wengi wanaitupa. Isipewe imani ya kupofusha, hata hivyo: CD zilizotoka katika kiwanda cha PDO cha Blackburn, Uingereza, kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 ziligeuka rangi ya shaba na kuharibika zikiwa ndani ya makasha yake. Nakala ya pili ndani ya diski ya kompyuta si usaliti wa santuri.

Halafu iwepo orodha. Tovuti ya Discogs, iliyoanzishwa na Kevin Lewandowski mwaka 2000 kwa ajili ya muziki wa kielektroniki, inajulikana zaidi kama soko, lakini tunda lake bora ni daftari la pamoja ambamo watu wa kawaida wameandika namba, majina na tofauti za mamilioni ya matoleo. Albamu iliyotoka kidijitali peke yake mara nyingi haina hata jina la mpiga gitaa. Kwa hizo nimejizoeza kuuliza, kwa barua fupi ya heshima kwa msanii mwenyewe, nani alipiga nini, wapi na lini, na jibu nalichapa na kulitia katika kasha pamoja na nakala niliyoitengeneza. Wengi hujibu siku hiyohiyo, wakishangaa kwamba kuna aliyetaka kujua.

Ninayo kanda moja ya bendi ya watu wanne niliyoinunua kutoka mikononi mwao baada ya onyesho. Bendi ilivunjika, ukurasa wao ukafungwa, na nyimbo zile sijazikuta tena mahali popote mtandaoni. Jina la mpiga ngoma limeandikwa pembeni ya karatasi ya jalada kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wa mwimbaji, kwa sababu mchapaji alikuwa amelisahau.